Mjadala: Tilapia wa kufugwa wahasiwe kwa kisu badala ya homoni?

Mwanzisha mada, Umoja
Samaki wangu huwanunua sokoni Gikomba, Nairobi, nami ninalisha watoto. Vifaranga vingi vya tilapia hupewa chakula chenye homoni ya kiume, methiltestosteroni, wiki tatu au nne za mwanzo ili wote wawe madume. Sababu naielewa: tilapia huanza kuzaa akiwa na miezi miwili mitatu, kidimbwi kikajaa vitoto na asinenepe hata mmoja. Lakini mbuzi tunamhasi kwa koleo au kisu na hakuna anayelalamika. Kwa nini samaki asipasuliwe, akashonwa, akapona? Serikali igharamie njia hiyo.

Daktari wa mifugo, Kabete
Mama, swali lako ni la haki, ila korodani za mbuzi ziko nje. Za tilapia ni nyuzi mbili ndani ya tumbo, chini ya kibofu cha hewa. Lazima alazwe usingizi kwa maji yenye mafuta ya karafuu, matamvua yapitishiwe maji muda wote, tumbo lichanwe, korodani zote mbili zitolewe, kisha ashonwe. Ikibaki hata chembe inaweza kukua tena, na kazi yote ikawa bure.

Kisha aje kupona. Ngozi ya samaki huanza kufunika jeraha ndani ya saa chache, lakini nyama ya chini huchukua wiki kadhaa, na baridi huchelewesha zaidi. Maji ya Julai hapa Nairobi si ya kuuguzia kidonda. Maji ya bomba nayo yana klorini inayounguza matamvua. Ukimshika kwa mkono mkavu unafuta ule ute unaomkinga, na ukungu unaota palepale kwenye mshono. Siwezi kukubali mnyama apasuliwe halafu arudishwe kwenye kidimbwi chenye tope.

Homoni hutoka mwilini siku chache baada ya kuachishwa, na samaki huvunwa miezi kadhaa baadaye. Ninayemhofia ni kijana anayechanganya chakula hicho bila glavu.

Mfugaji, Ruai
Daktari, na hesabu je? Kidimbwi cha mita za mraba 300, kama vile vya mpango wa serikali wa 2009 wa kuchimbia wafugaji vidimbwi vya samaki, huingia vifaranga 1,000. Nani atawapasua mmoja mmoja, wakiwa wadogo kuliko kidole? Mimi hutia kambare wachache, wakala vitoto. Hakuna homoni, hakuna uzi.

Mwanzisha mada
Kambare nimemwelewa, hata ziwani ndivyo ilivyo. Hofu ya daktari kuhusu kijana yule ndiyo inayonikera zaidi sasa, kwa sababu anapumua unga wa dawa ili mimi nipate samaki mnene. Kila kituo cha vifaranga kimwandikie mfugaji kama kimetumia homoni, na mfugaji amwambie muuzaji. Anayepinga hilo aseme kwa nini.

Mfugaji, Ruai
Mimi sipingi. Ila vituo vyote vilazimishwe, si vile vidogo pekee.