Kilomita 160 juu ya baiskeli: vitafunio gani vinafaa kubeba?

MnyororoMkavu

Wakuu habari. Naomba ushauri kuhusu chakula cha kula nikiwa juu ya baiskeli. Cha kabla na baada ya safari tuache kwanza.

Njia ni kilomita 160, takriban saa 7 za kukanyaga. Naanza saa 12 asubuhi. Kuna kilima kirefu kimoja baada ya kilomita 90, na jua litakuwa kali kuanzia saa 5. Uzito wangu ni kilo 70. Maji yapo njiani kila baada ya saa 2 hivi, ila chakula chote nabeba mwenyewe kwenye mifuko ya nyuma ya jezi na kipochi kidogo cha juu ya fremu.

Mpango wa sasa ni ndizi 4, karanga za kukaanga gramu 200, chokoleti ya maziwa gramu 100, na chupa mbili za mililita 750 zenye maji matupu. Nikijumlisha, kalori zinazidi 2,000, kwa hiyo kwa hesabu hiyo naona zinatosha. Mnaonaje? Na je, nile kwa saa au nile nikisikia njaa?

GiaYaMlima

Mkuu, jumla ya kalori ndiyo inayokuficha tatizo. Angalia zinatoka wapi: gramu 200 za karanga peke yake ni kalori 1,100 na zaidi, na sehemu kubwa ni mafuta, karibu gramu 100. Mafuta unayo tayari mwilini ya kukutosha siku nyingi. Kinachoisha njiani ni wanga, na hapa nahesabu sukari humo humo.

Misuli na ini kwa mtu wa kilo zako vinahifadhi takriban gramu 400 hadi 500 za wanga. Ukikanyaga kwa nguvu ya wastani kwenda juu, akiba hiyo inashuka sana ndani ya saa 2 hivi. Ndiyo maana kwa safari inayozidi saa 2 na nusu lengo la kawaida ni gramu 60 kwa saa, na waliouzoeza utumbo hufika 90.

Sasa hesabu mpango wako kwa wanga tu. Ndizi 4 za wastani ni gramu 100. Karanga gramu 200 zinatoa 30 hivi, chokoleti 55. Jumla 185, gawanya kwa saa 7: gramu 26 kwa saa. Ni chini ya nusu. Kwenye kilima hicho cha baada ya kilomita 90 ndipo utaanza kuona miguu haiitiki, jasho linakuwa la baridi, mikono inatetemeka kidogo na akili inakuwa nzito.

Karanga zina ubaya wa pili. Mafuta, protini na nyuzinyuzi huchelewesha chakula kutoka tumboni, na wakati wa kukanyaga damu nyingi iko miguuni, si tumboni. Ukila konzi kubwa ya karanga kisha ukaanza mlima, zinakaa tu pale zikikuletea kichefuchefu. Chokoleti nayo huyeyuka kabla ya nyuzi 35, sawa kabisa na joto la mfuko wa mgongoni. Hizo mbili ziache nyumbani.

Viwango vya kukusaidia kuchagua, vyote kwa wanga: ndizi moja ya wastani 25. Tende moja kubwa ile laini 16 hadi 18. Zile ndogo kavu ni 5 au 6 tu, kwa hiyo usihesabu "tende nne" bila kuziangalia. Kipande cha mkate mweupe 13, na ukikipaka kijiko cha chakula cha jemu unaongeza 13 nyingine. Asali kijiko cha chakula 17. Viazi vya kuchemsha gramu 100 vina 20, wali mweupe uliopikwa gramu 100 una 28. Zabibu kavu gramu 50 ni karibu 40. Pipi laini za jeli gramu 50 zina karibu hizo hizo, na hazina mafuta. Watu wanazidharau kwa kuwa ni pipi, lakini kazi inayotakiwa hapa zinaifanya vizuri.

Kuhusu saa au njaa: kula kwa saa. Anza ndani ya nusu saa ya kwanza, hata kama umeshiba chai ya asubuhi, kisha kidogo kila dakika 20. Njaa ikifika umeshachelewa, na utakachokula wakati huo kitachukua dakika 10 hadi 15 kabla ya kusaidia.

ChupaMbili

Naongeza upande wa chupa, kwa sababu hapo ndipo pa kupata wanga bila kutafuna.

Usijaze maji matupu chupa zote mbili. Moja iwe ya sukari na chumvi, nyingine iwe maji matupu. Kwa chupa yako ya mililita 750: sukari ya kawaida gramu 45, yaani vijiko vya chakula vinne vya kusawazisha visivyojaa sana, na chumvi gramu 1, karibu moja ya tano ya kijiko cha chai. Kamulia nusu limau. Hiyo ni asilimia 6 ya sukari, na asilimia 6 hadi 8 ndiyo sehemu ambayo tumbo la wengi linapokea bila shida. Gramu 1 ya chumvi inakupa miligramu 400 za sodiamu, mwanzo mzuri kwa siku ya jua.

Pima kwa mizani ukiweza, kwa sababu vijiko vinadanganya. Funga sukari na chumvi kwenye vifuko vidogo, kila kifuko chupa moja. Ukifika penye maji unamwaga, unatikisa, unaondoka.

Kinachoharibika kwa wengi ni kuweka sukari mara mbili "ili nipate nguvu zaidi", halafu kushushia pipi kwa maji hayo hayo. Mchanganyiko mzito mno unavuta maji kutoka mwilini kuingia kwenye utumbo. Tumbo linajaa, unasikia maji yakicheza ndani, na baadaye unatafuta choo. Chupa ya maji matupu ipo kwa ajili hiyo: ukila kitu kitamu, shushia maji matupu. Sheria hiyo inahusu pia jeli za pakiti. Nyingi zina gramu 20 hadi 30 za wanga na zinahitaji mililita 150 hivi za maji, isipokuwa pakiti iseme wazi kwamba haihitaji maji.

Sukari ya kawaida inafaa kwa sababu nusu yake ni glukosi na nusu ni fruktosi. Utumbo unazipitisha kwa milango miwili tofauti, na mlango wa glukosi hujaa kwenye gramu 60 kwa saa hivi. Ndiyo maana atakayetaka kupita 60 lazima achanganye zote mbili. Lakini usiende upande wa pili ukanunua fruktosi tupu, ikizidi inaharisha.

Maji: mililita 500 hadi 750 kwa saa ni mwanzo mzuri, ongeza joto likipanda. Usijilazimishe kunywa hadi tumbo lijae. Kunywa maji mengi kuliko jasho unalotoa kunashusha sodiamu ya damu, na hilo ni hatari kuliko kiu.

MwendoWaMbali

Nakubaliana na hesabu zenu, ila msimfungie mtu kwenye 60 bila kumuuliza kasi. Kilomita 160 kwa saa 7 ni wastani wa 23. Kama ni tambarare na anaweza kuzungumza sentensi ndefu bila kuhema, mwili unachoma mafuta kwa kiasi kikubwa, na gramu 40 hadi 50 kwa saa zinamfikisha. Chini ya hapo simshauri, kwa sababu ya kilima.

Tena, kama hajawahi kula zaidi ya 30 kwa saa, asianze na 60 siku yenyewe. Utumbo unazoezwa kama miguu: ongeza gramu 10 kwa saa kila wiki kwenye mazoezi marefu, ukitumia vyakula vile vile utakavyobeba. Chakula kipya siku ya safari ndicho chanzo kikubwa cha matumbo kuchafuka.

Jambo ambalo hamjaligusa ni kinywa kuchoka. Baada ya saa 4 za vitu vitamu, watu wengi wanaacha kula kabisa, si kwa shibe bali kwa kukinai utamu. Kwa hiyo nusu ya vitafunio iwe na chumvi. Viazi vidogo vinafaa sana: chemsha nusu kilo na maganda yake hadi uma uingie bila nguvu, mwaga maji, virudishe kwenye sufuria yenye moto dakika 2 vikauke, nyunyiza nusu kijiko cha chai cha chumvi. Unapata wanga gramu 100 hivi. Usiviponde vikiwa na majimaji. Vitageuka uji mfukoni. Biskuti kavu za chumvi nazo hukaa siku nyingi na zina wanga kama gramu 70 kwa kila 100, ila bila maji zinakwama kooni.

GiaYaMlima

Mwendo, hoja ya kasi ni ya kweli. Kwake nitasema 55 kwa saa, kwa sababu kilima kiko katikati na jua linakuja baada yake.

MnyororoMkavu

Asanteni sana. Nimepanga upya. Chupa ya sukari nitaijaza kila baada ya saa 2, yaani chupa tatu na nusu, karibu gramu 155. Vipande 5 vya wali ulioshikana, gramu 24 kila kimoja, 120. Ndizi 2, gramu 50. Tende kubwa 4, gramu 65. Jumla 390, yaani 55 na kidogo kwa saa. Kwenye mazoezi nimezoea 50, kwa hiyo si mruko mkubwa.

Bado maswali mawili: wali unapikwaje ili usisambaratike, na utakaa salama mfukoni kwa muda gani?

SufuriaNdogo

Kwa vipande 6, chukua mchele mweupe mfupi gramu 150. Mchele mrefu hauna mnato wa kutosha, punje zake zinaachana. Kama ndio ulio nao, ongeza maji kidogo na uukoroge ukiwa moto hadi punje zianze kupondeka. Usiuoshe sana, maana ule unga wa juu ndio gundi.

Maji mililita 300, moto mdogo, funika hadi yakauke kabisa. Ukiwa bado moto, changanya sukari gramu 25, chumvi robo kijiko cha chai, maji ya limau kijiko kimoja cha chakula na mafuta kijiko kimoja cha chai ili usigande kwenye karatasi. Umwage kwenye chombo bapa, uukandamize kwa mgongo wa kijiko kilicholowa hadi uwe na unene wa sentimita 2 na nusu. Kukandamiza ndiko kunakoushikanisha. Ukiuweka kwa upole utavunjika kwenye barabara mbaya. Acha upoe kabisa kabla ya kukata. Ukikatwa moto, kingo zinamomonyoka.

Kila kipande kifunge kwa foili, upande mmoja uukunje ncha ndogo unayoweza kuivuta kwa meno. Jaribu kuifungua kwa mkono mmoja jikoni kwanza.

Usalama wake uuchukulie kwa uzito. Mchele hubeba bakteria ambao mbegu zao hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukikaa kwenye uvuguvugu wanaamka na kutoa sumu, na kuupasha moto tena hakuiondoi. Kwa hiyo utandaze upoe ndani ya saa moja, uingie kwenye friji, na uliwe ndani ya siku moja. Kwako ningevigandisha vipande usiku kucha kwenye friza. Ukitoka saa 12 vinaanza kuyeyuka taratibu mfukoni na vinabaki baridi kwa muda mrefu.

Ila anza na wali, usiuache wa mwisho. Chupa inakupa gramu 22 kwa saa, zinabaki 33 za kutafuna, kwa hiyo vipande 5 vinaisha kwenye saa 3 na nusu za mwanzo, kabla ya jua. Kilichobaki baada ya saa 4 asubuhi usikile. Kuanzia hapo unategemea ndizi, tende na sukari, vitu ambavyo joto haliviozeshi kwa saa chache.

MwendoWaMbali

Tende zitoe kokwa nyumbani. Mtu anayehema kwa kinywa wazi akiwa na kokwa mdomoni anaweza kupaliwa vibaya. Ndizi chagua ya njano isiyo na madoa meusi. Iliyoiva sana inapasuka mfukoni, na mbichi ina wanga usiomeng'enyeka vizuri, unaleta gesi.

Na mahali pa kula: tambarare, mkono mmoja katikati ya usukani karibu na shina lake, tafuna kidogo kidogo. Mteremkoni usile, mikono yote miwili iwe kwenye breki. Tende mbili zile dakika 15 kabla ya kilima kuanza. Ukiwa ndani ya kilima tegemea chupa tu, kwa sababu pumzi hazitakuachia nafasi ya kutafuna.