Nyoka mweusi mdogo aliyeuzwa kama mtoto wa chatu: ni aina gani?

Mtoto_Katuba
Jambo wakubwa. Nimenunua nyoka kandokando ya soko la mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi, kwa dola 10. Muuzaji anasema ni mtoto wa chatu na kwamba hang'ati. Urefu ni kama sentimita 45, unene wa kidole kidogo. Rangi ni kahawia nzito karibu nyeusi, anang'aa kama amepakwa mafuta, na tumbo nalo limekoza. Hana madoa wala mistari. Jicho ni dogo sana. Yuko ndani ya akwariomu yenye mchanga na amejifukia. Kwenye mfuko alimouzwa mna gamba alilojivua, zima toka kichwa hadi mkia. Naomba jina lake na chakula chake.

Yaya_Kasapa
Ndugu, chakula kitangoja. Kwanza usimguse, hata kwa kumshika nyuma ya kichwa.

Chatu siye. Mtoto wa chatu hutoka kwenye yai akiwa tayari na urefu huo au zaidi, tena mnene, ana mabaka makubwa mwili mzima, alama kama ncha ya mkuki juu ya kichwa, na vishimo vya kuhisi joto kwenye midomo. Nyoka wa nyumba (Boaedon), yule anayeingia kwa watu kuwinda panya, ana jicho kubwa, tumbo jeupe na mistari miwili hafifu kila upande wa kichwa. Wako hana hata kimoja kati ya hivyo.

Kwa jicho dogo na mwili unaong'aa, huyo ni wa jamii ya wanaochimba ardhi. Wengi wao hawana madhara makubwa kwa mtu, lakini kuna mmoja hatari kweli: Atractaspis bibronii. Meno yake ya sumu ni marefu na hutokeza pembeni mwa mdomo hata ukiwa umefungwa. Si lazima afungue mdomo ili akuumize: anapindisha kichwa tu na kukuchoma kidole kilichomshika.

Ruashi_2
Angalia mboni basi. Ikiwa ya wima ana sumu, ikiwa ya duara hana.

Yaya_Kasapa
Hapana, ndugu, kanuni hiyo itaua mtu. Nyoka wa nyumba ana mboni ya wima na hana sumu. Anayekula mayai (Dasypeltis) vilevile. Swila na koboko wana mboni ya duara. Causus, kipiri mdogo anayekula vyura, naye ni duara, na ana sumu. Umbo la kichwa pia linadanganya, kwa sababu Dasypeltis akitishwa hutanua kichwa afanane na kipiri.

Mtoto_Katuba, una bahati ya kuwa na lile gamba, maana unaweza kuhesabu safu za magamba bila kumkaribia nyoka. Liloweke kwenye maji ya uvuguvugu yenye tone la sabuni, dakika 10. Likate kwa mkasi kando ya magamba mapana ya tumbo, litandaze juu ya karatasi ya rangi nzito, upige picha kwa karibu. Katikati ya mwili, anza na gamba linalogusa lile pana la tumbo, panda kwa mshazari hadi mgongoni, teremka upande wa pili. La tumbo usilihesabu. Rudia mara tatu palepale katikati, maana karibu na shingo na karibu na mkia idadi ya safu huweza kubadilika na utapata jibu la uongo.

Safu 15 zinaelekea kwa Aparallactus, mla tandu. 17 zinaelekea kwa Lycophidion, mla mijusi. Amblyodipsas polylepis, mchimba ardhi mwingine, mara nyingi ana 19 hadi 21, na Atractaspis bibronii 21 au 23. Kwa kuwa 21 wanaigawana, tazama pia mkia: wa Atractaspis ni mfupi na unaishia na mwiba, na magamba ya chini yake mengi ni safu moja, si jozi. Mwisho, kichwa kwa pembeni: kati ya gamba la pua na lile linalogusa jicho kwa mbele, je, kuna jingine dogo? Lycophidion analo, Atractaspis hana.

Mtoto_Katuba
Aksanti yaya. Nimepata 23 mara zote tatu. Kati ya pua na jicho hakuna gamba la ziada. Chini ya mkia ni safu moja, na ncha imechongoka.

Yaya_Kasapa
Basi ni Atractaspis. Kutenganisha spishi ndani ya jenasi hiyo kunataka hadubini, lakini hatari ni ileile. Huyo si wa kufuga.

Mama_Kamalondo
Naongeza upande wa matibabu. Serumu za swila na kifutu hazifanyi kazi kwa sumu yake. Kidole huvimba, hutoa malengelenge, na nyama inaweza kuoza. Akichoma mtu: vua pete na saa mara moja, tuliza mkono, nenda hospitali. Msifunge kamba, msichanje, msiweke barafu wala jiwe jeusi linalodaiwa kunyonya sumu. Hospitali watatibu maumivu na kidonda, watazuia pepopunda, na kumchunguza mgonjwa kwa saa nyingi.

Mtoto_Katuba
Nimtoeje, mama?

Yaya_Kasapa
Vaa viatu vilivyofunika mguu, watoto watoke chumbani. Tafuta pipa la plastiki laini ambalo kina chake kinapita urefu wa nyoka. Lilaze, msukume aingie kwa fagio la mti mrefu, kisha lisimamishe na ufunge kifuniko. Matundu ya hewa yasizidi milimita 3, la sivyo atapita. Glavu za bustani zisikupe moyo, meno hayo yanazipenya. Piga simu kwanza kwa bustani ya wanyama au kitivo cha tiba ya mifugo cha UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi), usimpeleke kwa teksi ndani ya mfuko. Juu ya kifuniko andika kwa Kifaransa na Kiswahili: nyoka wa sumu.