Tupeane uzoefu: maumivu ya mgongo yanayokukatizia usingizi

Mwalimu wa Section 58, Nakuru

Hamjambo wote. Wenye shida ya mgongo mchana tunajikaza kazini, usiku kila mtu anagaagaa peke yake. Ndiyo maana nimefungua mada hii.

Mimi nafundisha watoto wa madarasa ya chini, kutwa nimeinama juu ya madawati. Nikishalala kidogo tu, nikitaka kugeuka kiuno kinakaza na usingizi unaishia hapo. Kilichonifaa ni mto. Nalala ubavu, magoti nimeyakunja kidogo, mto uko katikati ya magoti ili mguu wa juu usivute nyonga. Kugeuka nako nilifundishwa na daktari wa mazoezi: unakunja magoti, kisha mabega na nyonga vinageuka kwa pamoja, kiuno kisinyongwe. Kuamka hivyo hivyo, ubavu kwanza, miguu inashuka chini huku mkono ukikusukuma juu.

Mkichangia, tafadhali semeni maumivu huja saa ngapi, na ukiinuka ukatembea hupungua au huzidi. Yule daktari aliniuliza hayo kabla hajanigusa.

Boda wa Njoro

Shikamoo mwalimu. Mimi nabeba abiria Njoro hadi Mau Narok, barabara mnaijua. Yangu huanza nikilala tu: tako, nyuma ya paja, mpaka kidole cha mguu. Nikikohoa ni kama nimeshika waya wa stima. Nilielezwa kwamba diski, ule mto mdogo kati ya pingili za mgongo, imebana neva.

Stejini kila mtu ana dawa yake, na wengi husema ulale sakafuni juu ya mkeka. Kwangu mabega ndiyo yaliyoumia, na kuinuka kutoka chini kukawa kazi nyingine. Sasa nalala chali, mto chini ya magoti. Daktari alinikataza kushinda kitandani, akasema misuli italegea na mgongo utazidi kukakamaa. Kwa hiyo nafanya kazi, ila nikishusha abiria nami nashuka, natembea kidogo. Maumivu yamerudi juu, hayafiki tena mguuni, na aliniambia hiyo ni dalili njema. Wengi wa aina yangu hupona bila kisu.

Mama Omena, Kondele

Poleni wanangu. Mimi nabeba omena kichwani tangu ujana. Langu lilikuwa godoro, limebonyea katikati, nikilala kiuno kinazama. Pesa za kununua jipya sikuwa nazo. Fundi mmoja wa pale Kibuye akaongeza mbao kitandani, nami nikaligeuza godoro, upande wa miguuni ukaja kichwani. Unafuu niliuona. Na msikimbilie godoro gumu kama ubao eti ndilo zuri, nyonga na bega lazima vizame kidogo.

Jambo la pili ni hizi sindano za diklofenaki za duka la dawa. Zinatuliza kweli, unalala. Lakini mimi nina presha na tumbo lilianza kuniungua. Kliniki wakaniambia dawa za aina hiyo huweza kuchubua tumbo, kupandisha presha na kuumiza figo. Siku hizi natia maji moto kwenye chupa, nafunga kwa leso, naweka kiunoni kabla ya kulala.

Kijana wa Lurambi

Yangu ni tofauti na yenu, someni vizuri, huenda kuna kijana mwingine wa hivi.

Nilianza nikiwa na miaka ishirini na kitu. Naingia kitandani nikiwa mzima. Saa tisa au saa kumi usiku mgongo wa chini unaniamsha, mara tako hili, mara lile. Kulala zaidi kunazidisha. Nikitoka nje nikazunguka boma, napata nafuu. Asubuhi nimekakamaa mpaka jua lipande, halafu jioni nacheza mpira vizuri kabisa. Nyumbani waliona uvivu: mtu gani hawezi kwenda kupalilia miwa asubuhi lakini mpira anaweza? Maneno hayo yaliniuma kuliko mgongo. Kliniki nilizopitia nilitibiwa taifodi, nikaambiwa ni figo, nikapewa dawa za maumivu.

Halafu jicho moja likawa jekundu, linauma, mwanga siutaki. Daktari wa macho alipomaliza kulipima aliniuliza, "Mgongo wako asubuhi ukoje?" Nilishangaa. Yeye ndiye aliyenituma kupigwa picha ya maungio ya nyonga na uti wa mgongo. Ni uvimbe wa maungio unaoitwa ankilosingi spondilaitisi, mwili unajishambulia wenyewe. Haujaisha, lakini natumia dawa ya kupunguza uvimbe chini ya uangalizi wa daktari, na mazoezi ya kunyoosha mgongo kila siku. Sasa kuna usiku nalala mpaka asubuhi. Mama ameelewa pia, ananiamsha tufanye mazoezi pamoja.

Nesi Mstaafu, Kisumu

Kijana, asante sana kwa kueleza. Mgongo unaoanza kabla ya miaka 45, umezidi miezi mitatu, unaamsha usiku wa manane na kupoa ukitembea, huo huenda si wa kubeba mizigo. Mwambieni daktari maneno hayo hayo.

Kuna mwingine wa kukimbilia hospitali usiku huo huo: miguu inaishiwa nguvu, ganzi sehemu za siri na mapajani kwa ndani, mkojo unakataa kutoka au unatoka wenyewe. Msingoje kukuche.

Mama wa Molo

Samahani nesi. Mume wangu mgongo unamuuma mchana na usiku, akilala haupoi. Usiku analoa jasho, shati la kubadilisha. Amekonda. Tulidhani ni magunia ya viazi. Hakohoi.

Nesi Mstaafu, Kisumu

Mama, mpeleke kesho. Kifua kikuu huweza kukaa kwenye uti wa mgongo bila kikohozi hata kidogo. Simwoni, siwezi kusema ndicho, na kuna magonjwa mengine yenye dalili hizo, hata ya maziwa yasiyochemshwa. Lakini jasho la usiku na kukonda lazima vitajwe, msiseme "mgongo" pekee mkapewa vidonge mkarudi. Kikiwa ni TB, dawa ni bure hospitali za serikali. Ya mifupa hunywewa mwaka mzima na inatibika. Asibebe gunia lolote kwa sasa.

Mama wa Molo

Tutapanda matatu ya asubuhi tuje Nakuru, ile ya rufaa.

Mwalimu wa Section 58, Nakuru

Ile tuliyozoea kuiita PGH, hospitali kuu ya mkoa, mama. Mimi siko mbali na hapo. Nitumie ujumbe mkishuka, nije tusaidiane kumshika, na foleni nitakaa mimi yeye apumzike.