Acheni kusema Reynolds aliwachora vigogo na nyuso za maiti makusudi!

Wakuu, huu upuuzi umezidi. Ikiwekwa hapa picha ya gavana, jaji au amiri wa Uingereza wa karne ya 18 iliyochorwa na Joshua Reynolds, haipiti dakika mtu kaja na lake: "Wakubwa wa enzi zile walipenda weupe, walijipaka poda." Jamani, mashavu yale yamepauka kwa sababu rangi imekufa!

Reynolds aliujenga uso kwa rangi nyeupe ya madini ya risasi na vivuli vya kijivu. Ukikauka, ndipo anautia damu kwa utando mwembamba wa kamini, wekundu unaotokana na wadudu wa kochinili. Kamini haiwezi mwanga. Ikiwa nene huchelewa kufifia. Ikiwa utando tu juu ya nyeupe, inakwenda yote na kuacha kijivu cha chini. Vamilioni, rangi nyekundu ya zebaki na salfa, haifi hivyo, ndiyo maana unaweza kukuta joho linawaka na mwenye joho kapauka. Joho lenyewe mara nyingi si kazi ya mkono wake. Alikuwa na watu wa kupaka nguo, Peter Toms mmojawapo.

Na msiseme ni uzee wa picha. Wateja walilalamika yeye akiwa hai, na alikufa 1792! Watu walilipa gini 200 (sarafu ya dhahabu ya Uingereza ya enzi hizo) kwa picha ya mwili mzima miaka ya 1780, halafu sura inawakimbia ukutani.

Ile mipasuko mipana kama tope la bwawa lililokauka nayo mnaiita "ufundi". Ufundi gani? Alichanganya lami, ambayo haikauki sawasawa, juu yake akaweka rangi inayokauka upesi. Ya juu inakaza, ya chini bado inatembea, lazima ipasuke. Akaongeza nta, na ile rojo ya vanishi ya mastiki (utomvu wa mti) na mafuta ya kitani yaliyochemshwa na risasi.

Kwa hiyo wewe unayeshauri "futa kwa spiriti, itang'aa", nyamaza kabisa! Mastiki imo ndani ya rangi yenyewe. Kiyeyushi kinachotoa vanishi kinaondoka na uso. Pasi ya moto nyuma ya turubai, kitambaa kilichochorewa picha, nayo inalainisha nta na kulaza mabonge ya rangi.

Anayebisha alete picha ya ukingo uliofichwa na fremu, pale mwanga haukufika. Na asiilete aliyoiongezea wekundu kwenye simu.