Hita ya bafuni inaangusha swichi nyumba nzima: ni thamostati kweli?

BintiKisauni
Salaam jamani. Bafuni kwa mamangu kuna hita ya tangi, lita 50, tuliikuta na nyumba. Sijui kama imewahi kufunguliwa. Kaskazi hatuna haja nayo, ila kusi ikianza mama hawezi maji baridi, magoti yanamshika. Ilianza kuchelewa kupasha, ikawa inapasuka-pasuka ndani kama bisi jikoni. Sasa tukiiwasha, baada ya muda swichi inaanguka, nyumba yote giza. Valvu ya chini nayo inadondoka. Maji yetu ni ya kisima, ya bomba yakija ni sherehe. Fundi aliyekuja hakufungua hata skrubu moja, akasema thamostati, lete elfu sita. Nimpe?

Mtwapa_Poa
Ondoa ule waya wa kijani na manjano, haitaanguka tena. Mimi naoga raha mustarehe.

FundiTudor
Dada, tafadhali usifanye hivyo. Umeme unavuja. Ukiondoa waya huo wa ethi, unaopeleka umeme uliovuja ardhini, njia ya kuvujia itakuwa maji, bomba na mama aliyesimama chini yake. Wewe wa Mtwapa, kaurudishe wako leo.

Sasa tuje kwa hita. Thamostati ikifa, maji hayapati moto au yanachemka kupita kiasi. Kuzima nyumba nzima si tabia yake. Kaangalie ni swichi ipi inayoanguka. Ikiwa ni ile yenye kidude cha kubonyeza cha kujaribia, basi umeme unavuja, na mimi namshuku elementi, ile fimbo ya ndani inayopasha maji.

Sisi huku tumekaa juu ya jiwe la matumbawe, na bahari iko mlangoni. Maji ya kisima yana chokaa, mara nyingi na chumvi. Chokaa hugandia elementi, joto likakosa pa kutokea (ndiyo hiyo bisi yako), ganda la elementi likapasuka, maji yakaingia ndani.

Zima swichi kuu, hakikisha kwa testa, acha maji yapoe, kisha fungua kifuniko. Chomoa nyaya za elementi upime kwa mita. Pini kwa pini, elementi ya wati 1500 kwa volti 240 isome karibu ohmu 38. Ya wati 3000, karibu 19. Halafu pini na mwili wa tangi: hapo mita isioneshe njia yoyote ya umeme, yaani ibaki kama nyaya zake hazijagusana, si sifuri. Kama hujazoea umeme, mwite mtu, lakini simama naye uone akipima.

Valvu ikidondoka wakati maji yanapata moto si ajabu, maji yanatanuka. Ikidondoka hata yakiwa baridi, ina uchafu au presha imezidi. Usiizibe kamwe! Nimeona watu wameifunga kwa mpira wa tairi.

BintiKisauni
Ahsante sana fundi. Ni hiyo yenye kidude. Binamu yangu anafanya umeme wa meli, amekuja na mita. Pini kwa pini 39. Pini na tangi inasoma elfu tatu na kitu. Akamwaga maji, akatoa elementi: chokaa kilo nzima, nyeupe! Pembeni kuna fimbo nyingine, imebaki waya mtupu. Hiyo ni nini?

FundiTudor
Elementi imekwisha, thamostati iache. Fimbo hiyo ni ya magnesiamu, kazi yake kuliwa na kutu badala ya tangi. Kwa maji yenu iangalieni kila mwaka. Tangi likishatoboka halina dawa.

Nenda dukani na elementi ya zamani mkononi, zifanane wati na matundu ya boliti. Nunua na fimbo na gasketi mpya. Chokaa ya ndani itoeni kwa mkono, msikwangue kwa chuma. Mkimaliza, fungueni bomba la moto mpaka maji yatoke bila hewa, ndipo muwashe. Elementi ikiwaka tangi likiwa tupu, inakufa papo hapo.

Mtwapa_Poa
Nimeurudisha. Swichi imeanguka.

FundiTudor
Iache ilivyo. Na wewe tafuta mita.