Mafuta ya Nome: sheria ya meli ilegezwe au ibaki?

Wakuu, tukitaja Aktiki tunataja dubu na barafu, waishio kule tunawasahau. Nome ni mji wa watu wasiofika 4,000, magharibi mwa Alaska, Marekani. Hauna barabara ya kwenda Anchorage, jiji kubwa la Alaska. Mafuta huletwa kwa matishari, yaani vyombo bapa vya mizigo vinavyovutwa au kusukumwa na meli ndogo, na la mwisho lazima liwahi kabla bahari haijaganda.

Novemba 2011 dhoruba kali ikapiga, tishari la mwisho halikufika, barafu ikafunga njia. Akiba isingewavusha hadi barafu iyeyuke. Ndege zingeweza kubeba, ila kwa bei ya kuumiza, tena katika baridi ambayo nyumba bila mafuta ni hatari ya kifo.

Ikaitwa Renda, meli ya Kirusi iliyoundwa kuhimili barafu. Dizeli ilipakia Korea Kusini, petroli Dutch Harbor, Alaska hiyo hiyo. Hapo sheria ya 1920, Jones Act, ikawa kikwazo: mzigo wa kutoka bandari moja ya Marekani hadi nyingine ubebwe na meli iliyoundwa Marekani na yenye bendera yake. Ikabidi serikali itoe ruhusa maalumu. Healy, meli ya Walinzi wa Pwani, ikatangulia kuvunja barafu kwa takriban kilomita 480. Mara nyingi njia iliziba nyuma yake, Renda inakwama, Healy inarudi kuifungulia. Januari 2012 wakafika, lakini si hadi gatini. Mabomba ya mpira yakatandazwa juu ya barafu, na galoni milioni 1.3 zikasukumwa hadi kwenye matangi ya mji.

Msimamo wangu: kwa mafuta ya miji iliyofungwa na barafu, ruhusa hiyo iwe ya kudumu. Mtu asisubiri karatasi huku tangi linakauka.

MCHANGIAJI WA PILI: Mkuu, hapa napinga. Wakati ule Healy ndiyo pekee iliyokuwa ikifanya kazi kati ya meli za Marekani za kuvunja barafu ya ncha za dunia. Ungefuta sheria yote, bila Healy Renda isingefika. Kilichopungua ni vyombo vya kufungua njia. Halafu ukiruhusu meli za nje moja kwa moja, zitachukua na mzigo wa kiangazi, wenye matishari wafilisike. Mwaka unaofuata nani atapeleka?

MLETA MADA: Hoja ya Healy naikubali, nililiweka pembeni jambo zito. Ya matishari inajibika: ruhusa ianze bahari ikishaganda, iishe barafu ikiachia. Kiangazi kibaki chao. Ila nikuulize, mkuu: Healy ni mali ya umma, na shehena ile ilikuwa biashara ya watu binafsi. Gharama ya kuisindikiza alipe nani? Mimi nasema serikali, maana raia wa Nome hakuichagua dhoruba. Wewe je?