Watu sita, meza moja Taipei: tuagizeje vyakula vya kuchota pamoja?

Kipepeo74
Wadau, salaam. Tumeweka meza ya watu sita kwenye mkahawa mdogo wa Taipei unaopika vyakula vya nyumbani vya Kitaiwan, vile vinavyowekwa katikati kila mtu akachota. Menyu ni karatasi ndefu ya Kichina yenye visanduku vya kutia alama, picha hakuna. Tuagize sahani ngapi, na zipi? Halafu mmoja wetu hali nguruwe wala hagusi pombe. Atapata nini hapo?

MzeeWaVijiti
Hesabu ya kule ni sahani moja kwa kichwa, na supu moja juu yake. Chakula kikiwa na bei mbili, 小 ni sahani ndogo na 大 ni kubwa. Chukueni ndogo, ladha ziwe nyingi. Anzeni na tano, ya sita mtaongeza mkiona tumbo bado lina nafasi. Vitu vya kikaango hutoka upesi.

Wageni hukosea kwa kuagiza sahani zenye ladha moja: kuku wa mchuzi wa soya, nguruwe wa mchuzi huo, tofu (maziwa ya soya yaliyogandishwa) ya mchuzi huohuo. Ukifika ya tatu ulimi umeshachoka. Changanyeni: kizito kimoja (sanbeiji, yaani "kuku wa vikombe vitatu"), mayai ya figili (caipudan), samaki wa mvuke, majani ya viazi vitamu kwa kitunguu saumu, na kitu kimoja chenye chumvi kali cha kusindikizia wali. Hicho kiwe cangyingtou, "vichwa vya nzi". Jina lisiwatishe, ni yale maharagwe meusi ya soya yaliyochachushwa yanayofanana na nzi. Ndani yake kuna mashina ya maua ya vitunguu majani vya Kichina (韭菜花) yaliyokatwa madogo madogo, nyama ya kusaga na pilipili. Usikile kikavu, mwagia juu ya wali. Supu iwe ya kombe na tangawizi, nyepesi, ya kusafisha kinywa.

Mayai ya figili ndiyo kipimo changu cha jiko. Figili ile imekaushwa kwa chumvi, kwa hiyo huoshwa, hukamuliwa, kisha hukaangwa peke yake mpaka inukie ndipo mayai yamiminwe. Mpishi akiruka hatua hiyo, mayai hutoa maji na chumvi inakuwa ya kukunja uso. Yakiiva vizuri huja mnene kama mkate wa sinia, kingo za kahawia, ndani bado laini.

SufuriaNyeusi
Naongezea kwenye sanbeiji, maana ndiyo inayoharibiwa zaidi. Vikombe vitatu ni mafuta ya ufuta mweusi, mchuzi wa soya na pombe ya mchele, lakini usidhani mtu hutia vikombe kamili. Kwa gramu 600 za mapaja ya kuku yenye mfupa, vijiko vitatu vya mezani vya kila kimoja vinatosha, na kijiko kimoja cha sukari. Vipande kumi vya tangawizi hukaangwa kwanza kwa moto mdogo mpaka kingo zijikunje. Moto ukiwa mkali mafuta ya ufuta huungua, na uchungu wake hauondoki hata uongeze sukari kiasi gani.

Baada ya hapo kuku hupikwa mpaka mchuzi ukauke na kumshika. Sahani ikija kuku ameogelea kwenye mchuzi mwepesi, mpishi alikuwa na haraka. Majani ya rehani huingia mwishoni kabisa, chungu hufunikwa kidogo, hicho mezani kikiwa bado kinatoa sauti ya kukaanga. Rehani ikija nyeusi imenyauka, ujue chungu kilisubiri mhudumu. Na kwa kuwa inachukua muda kuliko vingine, itieni alama na kuikabidhi mwanzo.

Matembele
MzeeWaVijiti, kwa orodha yako yule asiyekula nguruwe wala pombe amebakiwa na mayai, nayo kwa mashaka! Vichwa vya nzi vina nguruwe wa kusaga. Sanbeiji ina pombe kwa jina lake lenyewe. Samaki wa mvuke na supu ya kombe mara nyingi hutiwa pombe ya mchele kukata shombo. Mtego mbaya zaidi uko kwenye mboga za majani: jiko nyingi za kizamani hukaangia mafuta ya nguruwe, na kwa macho huoni kitu.

Kipepeo74, andika hivi kwenye simu, uonyeshe kabla ya kutia alama yoyote: 不吃豬肉、豬油,不加酒. Maana yake hali nguruwe wala mafuta yake, na pombe isitiwe. Majani na mayai wataweza kukaangia mafuta ya mimea, samaki watampika bila pombe. Sanbeiji aiache tu, bila pombe si yenyewe.

Ila kikaango ni kilekile. Kama anataka halali kamili, ombi halitoshi, tafuteni mkahawa wenye cheti cha halali. Na msikimbilie neno 素 mkidhani limemaliza kazi: ni chakula cha mboga cha Kibuddha, mara nyingi hata kitunguu saumu hakimo.

Kipepeo74
Nimewaelewa, asanteni. Wali na malipo je?

MzeeWaVijiti
Matembele kanikamata, nakubali. Weka tofu mahali pa vichwa vya nzi, uulize kama ina nyama ya kusaga.

Wali hulipiwa kwa bakuli au kwa kichwa, tazama chini ya karatasi. Hapohapo ndipo huandikwa asilimia 10 ya huduma kama ipo, na bakshishi haitarajiwi. Muda wa meza pia huwa na kikomo, dakika 90 ni kawaida, kwa hiyo msichelewe. Chotea kwa kijiko cha sahani, si kwa vijiti vyako, na vijiti usivisimamishe ndani ya wali, vinafanana na udi wa kuombea wafu.

Bili hulipwa kwa pamoja kaunta. Risiti usiitupe: zile rasmi zina namba ya tarakimu nane ya bahati nasibu ya serikali, huchezeshwa tarehe 25 kila mwezi wa namba witiri. Tarakimu tatu za mwisho zikilingana na za zawadi ya kwanza (頭獎), una dola 200 za Taiwan.